Kismayu na Mabaraza Yake: Nani Aliulizwa?

Kambini siku hizi neno "manispaa" liko kila mahali. Tangu serikali ya Kenya izindue Mpango wa Shirika mwezi wa Machi 2025, mikutano imeongezeka, na wazee wa bloki wanaulizana: kambi ikigeuka mji, baraza litakuwa la nani? Wako wanaodhani swali hili ni jipya. Mimi ni Mbajuni wa Kismayu, na kwetu swali hili ni la zamani kama bandari yenyewe. Naomba basi niwarudishe nyuma kidogo. Sitaki tukae tukilia ya kale, ila historia ya mabaraza ya mji wetu inaonyesha wazi ni wapi mambo haya huharibika.

Wazee wetu husema jina la Kismayu linatokana na "kisima yuu", yaani kisima cha juu. Kusini mwa mji, visiwa vimejipanga sambamba na pwani: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, mpaka ufike Ras Kiamboni karibu na mpaka wa Kenya. Huko mambo ya mji yalikuwa mikononi mwa wazee wa koo, na koo zetu huhesabiwa kumi na nane. Ugomvi wa shamba, mirathi, deni la chombo, yote yalisemwa barazani au msikitini baada ya sala. Sisemi ulikuwa utawala wa haki kwa kila mtu. Wanawake hawakukaa na wazee wale, na mtumwa hakuulizwa lolote. Lakini aliyeamua alikuwa mtu wa hapo hapo. Akikudhulumu, ulijua mlango wake uko wapi.

Wakaja watawala wa mbali. Sultani wa Unguja aliweka liwali wake Kismayu. Mwaka 1895 Waingereza wakatia nchi yetu ndani ya himaya yao ya Afrika Mashariki. Mwaka 1925 wakaikata Jubaland na kuwapa Waitaliano, kulipa ahadi waliyowapa wakati wa Vita Vikuu vya kwanza. Mwaka mmoja ikaitwa koloni ya Oltre Giuba, kisha 1926 ikaunganishwa na Somalia ya Kiitaliano. Mtu alilala chini ya Mwingereza akaamka chini ya Mwitaliano, na hajatoka nyumbani kwake. Waitaliano nao waliwalipa mshahara wazee wa kabila. Tangu hapo mzee akawa na mabwana wawili: watu wake, na yule anayemlipa. Hilo nawaomba mlikumbuke, maana nitalirudia.

Mabaraza ya kuchaguliwa yalikuja baadaye. Mwaka 1950 Umoja wa Mataifa uliirudisha Somalia ya kusini kwa Italia kwa udhamini wa miaka kumi, kuitayarisha kwa uhuru. Mwaka 1954 ukafanyika uchaguzi wa mabaraza ya miji. Walipiga kura wanaume tu. Wanawake walingoja mpaka uchaguzi wa mabaraza wa 1958. Ilikuwa hatua kubwa. Mwenye duka na mvuvi, kila mmoja na kura yake moja. Lakini uchaguzi wa bunge wa 1956 ulionyesha ufa. Mjini watu walipiga kura ya siri, na huko bara wafugaji walikutana katika mikutano ya koo, kisha mkubwa wao akapeleka hesabu. Hesabu nyingine zilikuwa kubwa kupita kiasi. Yaani ndani ya nchi moja, mtu mmoja alihesabiwa kwa sababu yeye ni mkaazi, na mwengine kwa sababu ya ukoo wake. Hizi njia mbili hazijapatana mpaka leo.

Uhuru ulikuja 1960, na mabaraza yakachaguliwa tena 1963. Halafu, tarehe 21 Oktoba 1969, jeshi la Siad Barre likachukua nchi. Mabaraza yaliyochaguliwa yakavunjwa, na mahali pake wakawekwa watu wa kuteuliwa, na maofisa wa jeshi na polisi wakiongoza. Mikoa na wilaya zikagawanywa upya. Ukabila ukapigwa marufuku, na hata wazee wa kabila wakapewa jina jipya, nabadoon, yaani watafuta amani. Serikali ilisema inawashirikisha wananchi kuliko zamani, na kweli vituo vya mwongozo vilifunguliwa mitaani na watu wakaitwa mikutanoni. Lakini walikwenda kuambiwa. Kuitwa ni jambo moja, kuulizwa ni jambo jengine.

Sasa tufike 1993, mwaka ambao nawaomba ndugu zetu wa mashirika wausome kwa makini. Dola lilikuwa limeanguka Januari 1991, na Kismayu ikawa inapiganiwa na kupokonywa. Wabajuni wengi walikuwa wameshapanda majahazi na mashua kwenda Kenya, wakawekwa kambi ya Jomvu, Mombasa. Tarehe 27 Machi 1993, huko Addis Ababa, makundi 15 ya Kisomali yalitia saini mkataba. Mkataba ulisema kutakuwa na mabaraza ya wilaya, ya mikoa, na baraza la taifa, na kila mkoa utatoa watu watatu katika baraza la taifa, mmoja wao mwanamke. Kwa maandishi, ulikuwa mpango mzuri. UNOSOM, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ukaanza kuunda mabaraza ya wilaya, na kwa muda mfupi yakapita 50.

Tatizo lilikuwa hiyo haraka yenyewe. Baraza lilihesabiwa kuwa mafanikio siku lilipoundwa, hata kama halina ofisi, halina kodi, na wenye bunduki hawalitambui. Kwengine watu walilalamika kwamba waliokaa vitini waliletwa na makundi ya vita. Umoja wa Mataifa ulipoondoka Machi 1995, mengi ya mabaraza hayo yakafifia. Kismayu penyewe wazee walikaa kikao kirefu kuanzia Mei, na Agosti 1993 wakatia saini mapatano ya Jubaland. Kazi yao ya kuzuia damu naiheshimu. Lakini hebu fikiria: wakati ule ule mji unapangwa upya, sehemu kubwa ya wenyeji wake wa pwani walikuwa Jomvu wakipanga foleni ya maji. Asiyekuwapo na lake halipo.

Mwaka 2000, katika mkutano wa Arta, Djibouti, ikaja hesabu ya 4.5: koo nne kubwa sawa kwa sawa, na jamii ndogo zote pamoja nusu. Sisi Wabajuni tumo ndani ya ile nusu, pamoja na wengine wengi. Mwaka 2013 Kismayu ikawa na mkutano tena. Ulifunguliwa Februari, na tarehe 15 Mei wajumbe wakamchagua Ahmed Mohamed Islam, anayejulikana kama Madobe, kuwa rais wa Jubaland. Siku hiyo hiyo Barre Hiiraale naye akajitangaza rais. Mapatano na serikali ya Mogadishu yalipatikana Addis Ababa tarehe 28 Agosti, na moja ya mambo mazito ndani yake lilikuwa bandari na uwanja wa ndege vitasimamiwa na nani. Hapo utaona jambo ambalo mikutano yetu hulikwepa: ugomvi wa viti ni ugomvi wa mapato. Baraza lisilojua ushuru unaingia wapi na unatoka wapi, ni kikao cha mazungumzo tu.

Somalia ikatunga sheria ya serikali za wilaya, namba 116 ya 2013, na baadaye mpango uitwao Wadajir, yaani kuwa pamoja. Puntland ilijaribu njia ya mtu mmoja kura moja: wilaya tatu kwanza, Qardho, Ufeyn na Eyl, Oktoba 2021, kisha wilaya 30 Mei 2023. Kwa hivyo haiwezi kusemwa kwamba watu wetu hawajawa tayari kuulizwa.

Wadajir kule, Shirika huku. Mipango yote miwili imepewa jina la umoja. Na kwa Kiswahili shirika lina maana mbili: ni ile ofisi yenye gari jeupe, na ni kile chakula mnachokula sahani moja. Tungependa kujua tunaitiwa lipi. Mara nyingi mimi huitwa kwenye kikao, naweka sahihi kwenye karatasi ya maudhurio, nakunywa soda, napigwa picha, na nikirudi bloki jirani akiniuliza mmeamua nini, sina la kumjibu. Ripoti hutuhesabu vichwa, na maneno yetu hatujui yaliishia wapi.

Kutokana na historia hii, mimi naona maswali matatu ya kuuliza kabla ya baraza lolote kubadilishwa. La kwanza, nani anahesabiwa mkaazi, na anahesabiwa kwa njia gani? Tukihesabu kwa taifa na kabila peke yake, jamii ndogo humu kambini zitakuwa nusu yetu ya pili. Sheria ya Kenya ya Maeneo ya Miji ya 2011 inawapa wakaazi nafasi ya kujadili huduma na kutoa mapendekezo. Neno lake ni wakaazi, na mtu aliyezaa na kuzika mahali kwa miaka thelathini ana haki ya kuuliza kama neno hilo linamgusa. Wenyeji waliotutangulia hapa nao lazima wawemo kikao hicho hicho, tusije tukawafanyia wao yale tuliyofanyiwa sisi Kismayu.

La pili, kiongozi wa bloki analipwa na nani, na anaweza kuondolewa na nani? Akiwa analipwa na ofisi na kuondolewa na ofisi, atakuwa kama yule mzee wa mshahara wa Mwitaliano. La tatu, fedha zitasomwa hadharani wapi, na kwa lugha gani?

Na kuna la wale tuliobaki pande mbili. Hapa tunaitwa wageni, na Kismayu tunahesabiwa kama tumekwisha kuondoka. Wanaopanga mabaraza ya Jubaland waje na huku kambini kuandika majina ya wenye miji, hasa wa visiwani. Wanaopanga manispaa hapa nao, kabla ya kikao kijacho, wabandike kwenye mbao za bloki yale yaliyoamuliwa kikao kilichopita, kwa Kisomali, kwa Kiswahili, na kwa kila lugha inayozungumzwa foleni ya maji. Hilo halingoji mfadhili. Linataka karatasi na gundi.