Maji ya Usangu na Udhuru wa Watu

Kila aliyelelewa katika Kiswahili akijua kisa cha sungura aliyezirukia ndizi mbivu asizifikie, kisha akaenda zake akisema, "Sizitaki mbichi hizi." Ndizi hazikugeuka, kilichogeuka ni nia ya sungura. Mwaka 1957 Leon Festinger, mwanachuoni wa elimu ya nafsi huko Marekani, alitoa kitabu kizima juu ya tabia ya namna hiyo. Alieleza kwamba mtu hastareheki akiwa na mawazo mawili yanayopingana, hasa tendo lake linapopingana na yale anayoyaamini kuwa mema. Na kwa kuwa tendo lililokwisha kutendwa halirudi nyuma, aghalabu kinachobadilika ni imani. Mwaka 1959 yeye na James Carlsmith walionyesha jambo la ajabu. Wanafunzi waliolipwa dola 1 tu ili wamwambie mwenzao kwamba kazi ya kuchosha ilikuwa ya kupendeza, baadaye waliiona kazi hiyo kuwa nzuri kuliko walivyoiona wale waliolipwa dola 20. Mwenye dola 20 alikuwa na udhuru mkononi. Mwenye dola 1 alilazimika kuutafuta moyoni.

Historia ya maji katika Usangu, ambako ndiko uliko mji wa Rujewa, yaonyesha kwamba tabia hiyo si ya mtu mmoja peke yake. Mito ishukayo kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, kama vile Mbarali, Kimani na Chimala, huungana katika Ruaha Mkuu, huingia katika kinamasi cha Ihefu, na kutoka hapo hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mpaka kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kilimo cha mpunga kwa mifereji kilistawishwa na walowezi wa Kibaluchi tangu miaka ya 1930. Baadaye wakaja wafugaji wa Kimasai na wa Kisukuma na ng'ombe wao, na serikali nayo ikaanzisha mashamba makubwa ya Mbarali, Kapunga na Madibira. Wote walikunywa katika kisima kimoja.

Mwaka 1993 Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na tangu hapo ukawa unakauka kila mwaka. Hapo ndipo udhuru ulipoanza kuzaliana. Mkulima aliyefungua banio usiku alijua kwamba jirani wa chini hana maji hata ya kupikia. Walakini alijiambia kwamba maji asiyoyachukua yeye yatapotea bure mbugani. Mwenye vinyungu huko milimani alisema kwamba bustani yake ni ndogo mno kuweza kuudhuru mto. Mfugaji alisema kwamba ng'ombe hunywa tu, hawafungi mto. Mkazi wa mjini, akiwasha taa yake, hakufikiri kabisa kwamba naye ni mmoja wa watumiaji wa Ruaha. Hakuna aliyesema uongo mtupu. Kila mmoja alichagua kipande cha kweli kilichompa usingizi.

Hata dawa zilizoletwa ziligeuka kuwa udhuru mpya. Wenye mifereji walitakiwa kulipia haki ya kutumia maji, ili waone thamani yake na kuyatumia kwa kiasi. Lakini mtu akishalipa huona kwamba amenunua. Kwa hiyo wengine waliendelea kuchota kiangazini, wakisema kwamba maji ni yao kwa kuwa wameyalipia. Kadhalika, mabanio ya mawe na miti, ambayo zamani yalivujisha maji yakawafikia watu wa chini, yalibadilishwa kwa mabanio ya saruji yaitwayo bora, nayo yakaweza kuuzuia mto wote kiangazini. Neno "bora" lilituliza nafsi za wajenzi na za wachotaji pia.

Ama kuhusu serikali, mzigo wake ulikuwa mzito zaidi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo mwaka 2010. Wakati huo uchunguzi uliofanywa Usangu ulikwisha kuonyesha kwamba sababu kubwa ya ukame wa mto ni maji yachotwayo mashambani kiangazini, wala si ng'ombe. Tena bwawa la Mtera hujazwa hasa na mafuriko ya masika. Walakini, nchi ilipopatwa na uhaba wa umeme mwaka 2006, walioamriwa kuondoka Ihefu ni wafugaji. Wengi walipelekwa mikoa ya mbali, kama vile Lindi na Pwani, na ng'ombe wengi walikufa njiani. Mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na hifadhi. Yamkini sababu haiko mbali: kuilaumu mifereji kungekuwa kuyalaumu mashamba ambayo serikali yenyewe iliyajenga kwa fahari, hali mfugaji alikuwa mgeni asiye na mfereji wala jiwe la msingi. Wafugaji waliondoka, mto ukaendelea kukauka. Mwaka 2022 ulikauka tena kwa miezi kadhaa.

Kuwacheka watu hawa si haki, kwa maana njaa ya mpunga ni njaa ya kweli, na giza la mji ni giza la kweli. Lililo la kujifunza ni kwamba mtu hawezi kutolewa katika udhuru wake kwa hotuba. Hotuba humwongezea maneno ya kujitetea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaalamu Bruce Lankford aliwaletea wakulima wa Usangu mchezo. Gololi ziliteremshwa katika ubao ulioinama mfano wa mto, na kila mchezaji, akiwa mahali pake, alizikinga kwa kijiti kana kwamba ana banio. Wa juu walijaza vishimo vyao. Wa chini walibaki mikono mitupu, na wote waliona. Hapakuwa na ng'ombe ubaoni wa kulaumiwa. Kisha wachezaji waliketi pamoja, wa juu na wa chini, wakaanza kuzungumza juu ya zamu.