Degedege: Safari ya Neno la Pwani Bondeni Kilombero

Katika kamusi zetu kongwe, neno dege lina maana zaidi ya moja. Ni ndege mkubwa. Ni nondo wa usiku aliyehesabiwa kuwa mkosi. Na ni maradhi yenyewe, yale yanayomkakamaza mtoto viungo na kumgeuza macho. Msomaji wa Unguja, Mombasa au Lamu hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini neno hili halikubaki pwani. Lilipanda bara pamoja na Kiswahili, likafika Ifakara, katika bonde la mto Kilombero, na huko likazua mjadala ambao sisi wapenzi wa lugha hatukuusikia, kwa kuwa ulifanywa na matabibu.

Ifakara ni nchi ya Wandamba, wavuvi na wenye mitumbwi wa mto ule, na majirani zao Wapogoro, Wambunga na Wabena. Mpunga ndio uhai wao, na penye mpunga pana maji, na penye maji pana mbu. Mwaka 1949 alifika huko Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel, Uswisi, na baadaye akaanzisha maabara ya kuchunguza maradhi ya nchi za joto. Maabara hiyo ndiyo mzazi wa Taasisi ya Afya ya Ifakara ya leo. Hadubini ilimwonyesha mgeni kimelea ndani ya tone la damu. Haikuweza kumwonyesha jina ambalo mama alikipa kile alichokiona kikimtikisa mwanawe usiku.

Kwa tabibu, mtoto mwenye homa na mtukutiko alikuwa na malaria kali. Kwa mama wa Katindiuka, kata mojawapo ya mji wa Ifakara, malaria ilikuwa jambo moja na degedege jambo jingine. Malaria ilikuwa homa ya kawaida, ya vidonge. Degedege lilikuwa na mganga wake, mafusho yake na miiko yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu wilaya ya Bagamoyo, pwani kabisa, ulikuwa umeeleza habari kama hiyo hiyo. Na mahali pengi palikuwa na hofu kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa. Tusiharakishe kuicheka hofu hiyo. Mtoto aliyecheleweshwa hufika hospitali akiwa taabani. Hudungwa, kisha hufariki. Jirani aliyesimama mlangoni ameona sindano, na ameona maiti.

Mwaka 1998 Susanna Hausmann Muela na wenzake walichapisha makala kuhusu Ifakara, ambayo mimi, kwa jicho la mfasiri, naihesabu kuwa bora kuliko vitabu vingi vya nadharia ya tafsiri. Hawakuuliza tu kama watu wanaijua malaria. Waliijua, mafunzo ya hospitali yalikuwa yameingia. Ila yalikuwa yameingia katika nyumba yenye wenyeji wake. Watu walieleza kwamba mchawi aweza kuvificha vimelea ili hadubini isivione, au akazua malaria ya bandia, na ndiyo sababu dawa ya hospitali hushindwa mpaka mganga aondoe kizuizi kwanza. Elimu mpya haikuifukuza ya kale. Zilikaa pamoja, zikagawana kazi.

Neno dawa nalo lina historia nzito katika bonde hili. Mwaka 1905 maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yalisambazwa kama dawa ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Tarehe 30 Agosti mwaka huo Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge, ng'ambo ya Kilombero, wakaanguka mbele ya bunduki za mtombo. Kwa watu wenye kumbukumbu hiyo, dawa haijapata kuwa kidonge tu. Ni kinga, ni kiapo, ni jambo la kujiuliza limetoka kwa nani.

Ulipoanza mwaka 1997 mradi wa kuuza vyandarua na dawa yake katika wilaya za Kilombero na Ulanga, bidhaa hiyo iliitwa Zuia Mbu. Maneno mawili tu, hayana ushairi wowote, nami nayaonea wivu. Hayakumlazimisha mama kukubali kwanza nadharia ya mtu mwingine juu ya homa. Yalimtaja adui anayemsikia sikioni kila usiku. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa viliongeza kwa asilimia 27 kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne.

Hapa sisi wa pwani tusijitoe. Aghalabu tukisema mgeni asiyeelewa, tunamwaza Mzungu. Kumbe Kiswahili nacho kilifika kwa Mndamba kama mgeni, kikabeba nondo wetu na mkosi wake, na kumwachia mama wa huko neno ambalo baadaye lilisimama kati yake na tabibu.

Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa katika bonde hilo hilo, ulikuta kwamba watu wengi walikuwa wamekwisha kulihusisha degedege na malaria. Watoto walio wengi walifikishwa kwenye kituo cha tiba, lakini wengi wao kwa kuchelewa. Neno lilikuwa limekwisha kubadili maana. Miguu ilikuwa bado ikipitia njia ya zamani.