Kahawa ya Kwetu: Safari Yake na Namna ya Kuipika

Katika nyumba nyingi za Kivu kahawa inajulikana tangu mche hata gunia. Watoto wanajua kuichuma, akina mama wanajua kuianika, baba anajua njia ya kwenda kuiuza. Lakini ukiuliza, «Nani hapa anajua utamu wake?», wengi watanyamaza. Kahawa yote imeuzwa. Mezani kuna chai, au unga wa kopo uliotoka mbali. Jambo hili lina hasara kubwa. Ili tulielewe, tufuate kwanza safari ya kahawa.

Miti miwili

Kahawa ni za aina nyingi, lakini dunia hunywa hasa mbili. Ya kwanza ni arabika. Jina lake ladanganya, maana asili yake si Arabuni bali ni misitu ya milima ya Uhabeshi. Katika karne ya 15 Waislamu wa Yemeni waliokesha wakisali walikunywa maji yake ili usingizi usiwashike. Kwa Kiarabu kinywaji kile kiliitwa qahwa, ndipo sisi tukapata neno kahawa. Mwaka 1511 mkubwa wa mji wa Maka alikikataza, lakini katazo lake halikudumu. Katika karne ya 17 kahawa ilienea Ulaya.

Ya pili ni robusta. Hiyo ni mtoto wa misitu ya joto ya Afrika, na Kongo ni kwao. Wahaya wa Bukoba na Waganda waliijua kabla ya mgeni yeyote kuwafundisha. Hawakuipika kama kinywaji. Walichemsha matunda pamoja na majani yenye harufu, wakayaanika, wakayatafuna. Mgeni alikaribishwa kwa buni. Watu wawili wa Buganda waliotaka kuwa ndugu wa damu walitwaa mbegu mbili za tunda moja. Kila mmoja alikula mbegu iliyopakwa damu ya mwenzake. Tazama hekima yao: katika tunda moja mbegu mbili hulala zimekumbatiana, nao wakaona humo mfano wa undugu.

Mti wa Kongo wasaidia Java

Mwaka 1869 ugonjwa uliingia katika mashamba ya Ceylon, kisiwa kiitwacho leo Sri Lanka. Majani ya arabika yalipata madoa kama kutu, yakapukutika. Baada ya miaka michache mashamba mengi ya kahawa yakageuzwa kuwa ya chai. Kisha ugonjwa ukafika Java, ambako Waholanzi walikuwa na kahawa nyingi. Walijaribu aina ya Liberia, nayo ikawashinda.

Katika miaka ile Mbelgiji mmoja, Émile Laurent, profesa wa kilimo wa Gembloux, alisafiri katika Kongo akaleta Ulaya kahawa ya mwitu. Wauza miche wa Brussels wakaiita robusta, maana yake yenye nguvu. Mwanzoni mwa karne ya 20 miche yake ilipelekwa Java. Kumbe, ilistahimili kutu na kuzaa sana! Baadaye wataalamu wa Yangambi karibu na Kisangani walichagua miti bora zaidi. Leo, katika kila magunia kumi ya kahawa yavunwayo duniani, karibu manne ni robusta, na nchi inayoivuna kuliko zote ni Vietnam. Mti uliotoka msituni kwetu unatajirisha nchi za mbali.

Kivu na kahawa yake

Arabika nayo ilifika kwetu milimani. Mapadri Weupe wa Mibirizi, misioni ya Rwanda iliyoanza mwaka 1903 si mbali na Ziwa Kivu, walikuwa kati ya watu wa kwanza kuipanda pande hizi. Baadaye walowezi Wabelgiji walifungua mashamba makubwa Kivu. Mwaka 1973 serikali ya Mobutu iliwanyang'anya wageni mashamba yao ikawapa wengine, na mengi yakamezwa na majani. Tangu mwaka 1996 vita vikaharibu biashara. Ndipo wakulima wengi wa kando ya ziwa wakaanza kupakia magunia katika mitumbwi usiku, wavuke kwenda Rwanda kutafuta fedha, chumvi na sabuni. Mawimbi yaliwazamisha wengi, wakaacha wajane na yatima.

Watu wale walihatarisha maisha yao kwa kitu ambacho bei yake waliambiwa na mnunuzi tu. Wazee husema: Asiyekujua hakuthamini. Mkulima asiyeonja kahawa yake atajuaje kama ni nzuri au mbaya? Mnunuzi akimwambia, «Hii haifai», atajibu nini?

Tuipike nyumbani

Basi, tuanze kwa kilo moja tu, isiyouzwa. Chumeni matunda mekundu peke yake. Mabichi huleta ukakasi. Arabika imenywe siku ileile. Mbegu zikae katika chombo usiku kucha mpaka utelezi ulegee, zioshwe, zianikwe juu ya chanja. Zikikauka, zitwangeni polepole, ganda la ndani litoke, mkazipepete.

Kisha twaeni kikaango kizito na moto wa wastani. Korogeni bila kuacha. Mbegu zitageuka manjano, halafu rangi ya udongo, nanyi mtazisikia zikipasuka kama bisi. Baada ya mlio huo ngojeni kidogo, mziepue na kuzipepea upesi zipoe. Mkiziacha ziwe nyeusi tititi, mtakunywa makaa. Zipumzike siku moja.

Twangeni au sageni zile za siku hiyo tu, maana harufu ya unga hutoroka upesi. Kwa lita moja ya maji tieni gramu 60, yaani vijiko vikubwa kumi hivi. Chemsheni maji, yaepueni, ngojeni nusu dakika, ndipo myamimine juu ya unga. Funikeni dakika nne, mkachuje kwa kitambaa safi. Msiuchemshe unga saa nzima. Huo ndio uchungu unaowafukuza wengi.

Msiseme kwamba vyombo vinakosekana. Mwaka 1908 mama mmoja wa Dresden, Ujerumani, jina lake Melitta Bentz, alichoka kunywa machicha. Alitoboa tundu katika chombo cha jikoni, akatandika ndani karatasi ya kukaushia wino ya mtoto wake wa shule, akachujia hapo. Leo watu wa nchi nyingi huchuja kahawa kwa karatasi, na mwanzo wake ni jiko la mama yule.

Mkisha kuipika, onjeni kwanza bila sukari, baba, mama na watoto wakubwa pamoja. Ikiwa na ukungu, ukakasi au moshi, mtajua kosa liko shambani, chanjani au kikaangoni, mtalitengeneza. Na ikiwa tamu, siku ya kuuza pelekeni gunia pamoja na chupa ya kahawa ya moto, mmwambie mnunuzi: «Onja kwanza, ndipo tuseme bei.»