Usiku wa Uhuru Majumbani mwa Thika na Ruiru

Taarikhi ya usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 aghalabu huandikwa kutoka uwanja mmoja wa Nairobi, ulio kando ya barabara ya Langata, ambako saa sita ya usiku bendera ya Mwingereza iliteremshwa na ya Kenya ikapandishwa mbele ya Prince Philip na Mzee Jomo Kenyatta. Na kwa kuwa wapiga picha walikuwa huko, msomaji hudhani kwamba nchi nzima nayo ilikuwa huko. Lakini kutoka Thika hadi uwanjani ni mwendo wa zaidi ya kilomita 40, na Desemba, katika mashamba ya kahawa ya Thika na Ruiru, ni mwezi wa mavuno makubwa, ambapo mchumaji hulipwa kwa debe, na asiyechuma hana debe. Walio wengi, basi, walibaki maskani mwao.

Wala kubaki kule kusidhaniwe kuwa ni uvivu au ughafilifu. Tangu Oktoba 1952, ilipotangazwa Hali ya Hatari, hadi ilipoondolewa Januari 1960, nyumba katika nchi ya Wakikuyu haikuwa mahali pa mtu kukaa kwa khiyari yake. Zaidi ya watu milioni moja walitolewa makwao kuanzia mwaka 1954, wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikizungushiwa handaki lililosimikwa mianzi iliyochongwa ncha, chini ya mnara wa walinzi, na giza likiingia, amri ya kutotoka nje ilimfungia kila mtu ndani. Aliyepata kukaa nyumbani kwa hofu ya risasi, kisha usiku ule wa Desemba akakaa nyumbani kwa kupenda mwenyewe, akitaka atoke, asitake asitoke, bila askari wa kumhoji, huyo kwa rai yangu aliuonja uhuru kuliko waheshimiwa waliokaa jukwaani.

Isitoshe, watu wa Thika walikuwa na shahidi wao. Wazee husimulia kwamba Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Wakikuyu, alibashiri ya kuwa utawala wa Waingereza ungekoma siku utakapoanguka mugumo mmoja mkubwa wa Thika. Na kwamba serikali ya kikoloni, iliyoyadharau maneno ya waganga, haikuona haya kuuzungushia mti huo chuma ili usianguke. (Asiyeamini utabiri hana haja ya chuma!) Mwaka 1963 radi iliupiga, ukaanguka. Kwa aliyeuona umelala chini, sherehe ya Langata ilikuwa ni kutimiza desturi tu.

Wenye kuiandika taarikhi ya Thika na Ruiru, basi, na waanzie vijijini, ndipo waende Langata.