Kupima Moyo Ukiwa Kazini

Ukiambiwa mzee wako atapimwa moyo akitembea, usishtuke. Mtu akilala kitandani, moyo wenye mshipa ulioziba nusu waweza kuonekana mzima kabisa.

Jambo hili liliwasumbua madaktari. Mwaka 1929, huko New York, Daktari Arthur Master aliwapandisha na kuwashusha watu kwenye ngazi ya vipandio viwili, kisha akawapima mpigo na presha. Mashine ya umeme wa moyo iliongezwa baadaye, na hata hapo ilisomwa mtu akishamaliza kupanda. Je, akizidiwa katikati?

Daktari Robert Bruce wa Seattle, Marekani, alimtembeza mgonjwa juu ya mkanda unaozunguka huku moyo ukisomwa. Utaratibu wake wa 1963 ungali unatumika: kila dakika 3 mkanda huongeza kasi na mwinuko.

Kwa hiyo mzee atabandikwa nyaya kifuani na kufungwa kipimo cha presha mkononi. Kifua kikibana, aseme papo hapo, mashine isimamishwe. Wazee wetu hunyamaza, eti wasionekane dhaifu! Maumivu hayo ndiyo daktari anayatafuta.

Mvalishe viatu vyepesi. Kuhusu dawa zake, muulize daktari mapema ni ipi asimeze asubuhi hiyo.