Vijana, Wazee na Dawa ya Kamchape katika Nchi ya Ufipa

Mji wa Sumbawanga, uliojengwa juu ya uwanda wa Ufipa baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, umebeba amri ndani ya jina lake. Wenyeji hulifasiri jina hilo kuwa ni "tupa uchawi": mgeni aingiaye auache wanga wake nje. Jina la namna hii si pambo. Laonyesha kwamba watu wa nchi hii walikwisha kuona zamani kuwa adui wa kijiji aweza kuwa ndani ya kijiji chenyewe, na kwamba maisha ya pamoja hayana budi kuanza kwa kusafishana. Swali ambalo jina haliwezi kulijibu ni hili: nani mwenye haki ya kusafisha, naye atasafishwa na nani?

Swali hilo lajulikana sana kwa vijana wasomao riwaya za karne hii. Katika vitabu vitatu vya Suzanne Collins wa Marekani, vilivyotoka baina ya mwaka 2008 na 2010 na kuanza na kile kiitwacho The Hunger Games, wakubwa wa nchi ya kubuni huwatoza raia watoto wao kila mwaka, ili wauane mbele ya watazamaji. Vijana wanaasi, na uasi unashinda. Lakini mara tu baada ya ushindi, viongozi wapya wanashauri watoto wa walioshindwa watiwe katika mchezo ule ule. Msomaji aweza kudhani kuwa jambo hilo ni la kubuni tu. Ufipa ilipata kuona jambo la ukoo huo, pasipo upanga wala bunduki, katika miaka ya 1963 na 1964.

Ili kulielewa, yafaa kwanza kutazama jinsi kijiji cha Kifipa kilivyosimama. Ufipa ni nchi ya wakulima. Ustadi wake mkubwa ni kilimo cha matuta ya mviringo: majani hukatwa, hufunikwa kwa udongo, yakaachwa yaoze mpaka yawe mbolea. Kadhalika, mafundi wake wa chuma walijulikana kwa tanuru zao ndefu za udongo. Kazi hizi zataka mikono ya vijana na maarifa ya wazee. Mzee ndiye aliyejua majira, mipaka na desturi. Aghalabu ndiye aliyejua pia dawa. Hapo ndipo palipokuwa na mashaka. Kwa imani ya Wafipa, uchawi haukuwa kitu cha kuzaliwa nacho, bali ujuzi wa dawa unaofundishwa na kununuliwa. Basi maarifa yale yale yaliyompa mzee heshima ndiyo yaliyomtia katika tuhuma. Mtoto alipokufa, macho ya watu hayakwenda mbali.

Zamani kesi kama hizo zilikatwa kwa mwavi. Mtuhumiwa alinyweshwa sumu. Akitapika ameokoka, akifa amehukumiwa. Serikali za kikoloni ziliikataza hukumu hiyo, na sheria ya uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928 ikafanya makosa mawili kwa pamoja: kujidai uchawi ni kosa, na kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa vile vile, isipokuwa mbele ya wenye mamlaka. Kwa hakimu sheria hiyo ilikuwa ya haki. Kwa mwanakijiji aliyemzika mtoto wake ilionekana kama ngao aliyokingiwa muuaji. Woga ulibaki, ila mahali pa kuusemea pakafungwa.

Katika pengo hilo dawa mpya ikaingia kutoka kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 vijana walitoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, wakiuza dawa iitwayo mchape, neno litokanalo na kufua au kutakasa. Audrey Richards, mtaalamu Mwingereza aliyewaona Ubemba, alieleza habari zao mwaka 1935. Walikuwa vijana waliovaa nguo za Kizungu. Wanakijiji walipangwa mistari, wanaume mbali na wanawake mbali. Kila mmoja akapita nyuma ya mpelelezi, naye akamnasa sura yake katika kioo kidogo. Aliyeonekana na hatia alitoa pembe zake za dawa, na wote wakanywa mchape. Ilisemwa kwamba atakayerudia uchawi baada ya kuinywa atavimba na kufa. Katika miaka hiyo hiyo mafundisho haya yalifika Ufipa, nayo yakarudi tena kabla ya uhuru.

Yaliporudi mwaka 1963 kwa jina la Kamchape, nchi ilikuwa imebadilika. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 wenyewe cheo cha uchifu kiliondolewa kwa sheria, na enzi za Nkansi na Lyangalile, zilizokuwa zimegawana uwanda ule tangu kabla ya Wazungu, zikakoma kuwa serikali. Wafipa wengi walikwisha kubatizwa. Vijana wengi walikwisha kusafiri kwenda kutafuta mshahara katika mashamba ya katani ya Tanga au migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wakarudi na fedha mikononi na fikira mpya vichwani. Waliyoyakuta nyumbani ni mamlaka ya wazee yasiyo na chifu nyuma yake.

Roy Willis, mwanachuoni Mwingereza aliyekuwa Ufipa wakati ule akichunguza maisha ya wenyeji, aliandika habari za Kamchape mwaka 1968. Yaliyotokea yalikuwa mapinduzi ya kijiji. Vijana ndio walioiongoza kazi. Watu walichanjwa chale na kupakwa dawa. Vifaa vya uganga vilitolewa nje ya nyumba vikaanikwa mbele ya watu wote. Walioshukiwa walikuwa hasa wazee. Kwa muda, aliyezoea kusikilizwa akawa ni wa kuhojiwa, na aliyezoea kutumwa akawa mwenye kuhoji. Ahadi iliyotolewa ilikuwa kubwa: uchawi utakwisha, na watu wataishi bila hofu.

Haifai kuwadharau vijana hao. Walitaka kuishi, na walitaka watoto wao waishi. Tena, yapasa kusema kwamba Kamchape haikuwa mwavi. Mtuhumiwa hakuuawa; alichanjwa, akarudishwa katika jamii yake. Ukilinganisha na mauaji ya vikongwe yaliyoitia aibu Tanzania katika miongo ya baadaye, hasa katika nchi ya Usukuma, utaona kwamba vijana wa Ufipa walikuwa na kiasi.

Hata hivyo uasi wao ulikuwa na kasoro moja, nayo ilikuwa katika mzizi. Waliupindua utawala wa wazee kwa silaha ya wazee. Hawakukana kwamba kila kifo kina mtu aliyekitenda. Walibadili tu mwenye ruhusa ya kumtaja. Na hesabu ya miaka yatoa hukumu iliyo wazi. Kijana wa miaka ishirini aliyeipokea mchape katika mwaka 1933 alikuwa na miaka hamsini Kamchape ilipoingia. Aliyesimama upande wa watakasaji katika ujana wake alikuwa sasa na umri wa watu waliotakaswa. Dawa iliyoahidi kuukomesha uchawi milele ilihitaji kurudi kwa kila kizazi, na kila iliporudi ilikuta wazee wapya, yaani vijana wa jana.

Wala jambo hilo halikwisha mwaka 1964. Katika miaka ya 2020 jina la Kamchape limesikika tena, mkoani Kigoma, na wenye mamlaka wamelazimika kuvikataza vikundi hivyo. Sheria imekataza tangu mwaka 1928. Makatazo peke yake hayajatosha, kwa kuwa hayamwelezi mzazi kwa nini mtoto wake amekufa. Zahanati, mwalimu na maji safi humweleza zaidi kuliko askari.

Jina la Sumbawanga lamwamuru aingiaye kuutupa wanga. Waliotii amri hiyo kwa kuwatupia wenzao tuhuma waliuhamisha tu, kutoka nyumba ya mzee hadi nyumba ya kijana atakayezeeka.