Habari za Mwandiko wa Kuunga, na Kama Yafaa Ufundishwe Bado

Tulipokabidhiwa kazi ya kukusanya habari za zamani kwa ajili ya kitabu hiki cha jubilei, tulidhani ya kuwa taabu yetu itakuwa kuwatafuta wazee na kuwaomba watusimulie. Haikuwa hivyo. Wazee walisema kwa furaha, nasi tukaandika. Taabu ilitupata mahali tusipopatazamia, yaani ndani ya kabati la parokia, penye vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Tuliwaita vijana wawili waliokwisha maliza kidato cha nne, wenye akili na bidii, tukawapa kitabu cha kwanza ili wayanakili majina. Baada ya saa moja wakarudi nacho. Mmoja akasema kwa adabu, "Samahani, wazee wetu, kitabu hiki kimeandikwa kwa lugha gani?" Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiswahili.

Herufi zilikuwa zile zile walizozijua tangu darasa la kwanza, ila zimeungwa moja na nyingine, zimelala kidogo kwa upande wa kulia, na wino umepauka.

Tangu siku ile neno hili limezungumzwa sana kati yetu, hata waalimu wa shule za jirani wameingia katika mazungumzo. Je, yafaa shule ziwafundishe watoto mwandiko wa kuunga, au mwandiko huo umekwisha wakati wake pamoja na kidau cha wino? Wako wasemao ya kuwa saa za darasani ni chache na mambo ya kufundishwa ni mengi, na ya kuwa simu na kompyuta zimeuondolea mkono kazi yake. Maneno yao yana nguvu, wala hatuyadharau. Lakini kwanza twapenda kukumbusha mambo ya nyuma, maana hii si mara ya kwanza nchi zetu kuacha mwandiko mmoja na kushika mwingine.

Kabla ya kuja misioni watu wa pwani walikuwa na mwandiko wao. Waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ziko barua za Kiswahili zilizotoka Kilwa tangu mwaka 1711, nazo zimehifadhiwa hata leo huko Goa, Bara Hindi. Iko na nakala ya Utendi wa Tambuka yenye tarehe ya 1728. Mwandiko wa Kiarabu kwa tabia yake ni wa kuunga. Herufi zake hushikana na ile inayofuata, isipokuwa sita tu, basi mtoto wa chuoni hakujua kwamba yawezekana kuandika kwa namna nyingine. Kwa Kiswahili ulikuwa na matata yake. Alama moja ilitumika kwa i na e, na alama moja kwa u na o. Tena herufi ya b mara nyingi ilibeba p na mb pia. Basi neno moja msomaji aweza kulisoma kuba, au kopa, au kumba, au komba, mpaka maneno ya jirani yamwonyeshe lipi lilikusudiwa. Wenyewe hawakuona taabu, maana aliyepokea barua alikuwa akijua nusu ya habari kabla ya kuifungua.

Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, wote wawili walichagua herufi za Kirumi kwa vitabu vyao. Kitabu cha Steere cha kufundishia lugha kilipigwa chapa mwaka 1870. Serikali ya Wadachi ikafungua shule yake Tanga mwaka 1892, nayo ikashika herufi hizo hizo. Na gazeti la Kiongozi, lililoanza kutoka Tanga mwaka 1904, likazieneza mpaka bara. Hata mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ilipoanza kazi yake ya kusanifisha Kiswahili, jambo la herufi lilikuwa limekwisha kukatwa.

Herufi za Kiarabu hazikuhitaji kupigwa marufuku. Ilitosha shule nyingi zisizifundishe kwa kuandikia Kiswahili. Vyuo vya Kurani viliendelea kuzisomesha, lakini kuisoma Kurani yenye irabu zake zote ni jambo moja, na kuisoma barua ya biashara ya babu, iliyoandikwa kwa haraka, ni jambo lingine. Leo katika miji ya pwani ziko nyumba zenye sanduku la barua na hati za mashamba, na katika nyumba hizo hakuna awezaye kuzisoma. Twaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni tunapoendelea.

Basi, mwandiko wa Kirumi ulipoingia shuleni, uliingia katika umbo la kuunga. Mtoto alianza kwa kidole mchangani, akapewa kibao cha jiwe, na mwishowe, kama mkono wake umetulia, kalamu ya chuma na kidau. Kalamu ya namna hiyo haipendi kuinuliwa. Kila ikishuka tena karatasini huenda ikaacha tone. Aliyeunga herufi alikwenda upesi na kazi yake ikawa safi. Mwalimu aliandika mstari mmoja juu ya ukurasa, na watoto wakaufuata mpaka chini. Waliofundisha zamani wanajua ya kuwa mstari wa chini kabisa ndio uliokuwa mbaya kuliko yote, kwa sababu mtoto hakunakili tena mstari wa mwalimu, alinakili makosa yake mwenyewe yaliyotangulia. Hata hivyo walivumilia, maana mwandiko mzuri ulikuwa chakula. Kijana mwenye hati safi alipata kazi ya ukarani, bomani au relini, na mwenzake aliyemshinda kwa hesabu akabaki kijijini.

Wala mwandiko huo haukuzaliwa na misioni. Huko Florence, katika Italia, mnamo miaka ya 1420, Niccolò Niccoli, mtu aliyependa kunakili vitabu vya kale, alianza kuzilaza herufi na kuziunga apate kumaliza upesi. Makarani wa Papa wakaupokea mtindo huo. Na mmoja wao, Ludovico degli Arrighi, akatoa huko Roma kijitabu chenye tarehe ya 1522 cha kumfundisha kila mtu atakaye. Kwa hiyo shabaha ya kwanza ya kuunga ilikuwa wepesi wa mkono. Madoido, mikia mirefu na vitanzi vilivyowaliza watoto wetu vilikuja baadaye, nasi hatuvililii vikipotea.

Mfano ulio karibu zaidi na shida yetu watoka Ujerumani. Wajerumani walikuwa na mwandiko wao wa kuunga, wenye pembe kali, ambao herufi zake nyingi hazifanani kabisa na za Kirumi. Herufi e, kwa mfano, yafanana na n. Katika Prussia shule zilianza kufundisha umbo lake jepesi mwaka 1915. Mwaka 1941 serikali ya Hitler ikaamuru uachwe, na shule zikaacha. Wajukuu wa watu wale leo hawawezi kuisoma barua ya bibi yao mpaka wajifunze kwanza kama wajifunzavyo lugha ya kigeni. Jambo hili latuhusu sisi pia. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na watu wa misioni ya Leipzig wakafika Kilimanjaro mwaka 1893, nao waliandika habari za watu wetu, za mvua na njaa na mashauri ya machifu, kwa mwandiko ule. Vivyo hivyo mafaili mengi ya serikali ya Wadachi yaliyomo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mjerumani wa leo akija kuyasoma, huketi mbele ya maneno ya babu zake kama vijana wetu walivyoketi mbele ya kitabu cha ubatizo.

Tusije tukawaonea walioacha kuunga, kwa maana sababu zao zilikuwa njema. Mwaka 1913 Edward Johnston, bingwa wa hati, alizungumza na waalimu wa London, na baada ya hapo shule nyingi za watoto wadogo huko Uingereza zikaanza kufundisha herufi zilizotengana, kama za chapa. Mtoto hakuwa tena na alfabeti mbili, moja ya kusoma na moja ya kuandika. Hilo lilikuwa jema, nasi twalikubali kabisa kwa madarasa ya chini. Kisha ikaja kalamu ya kidoto, ambayo László Bíró aliiandikisha kwa hati ya uvumbuzi mwaka 1938. Kalamu hiyo haitoi tone ikiinuliwa, tena hutaka kukandamizwa. Basi ile sababu ya zamani ya kuunga ikapungua, na mkono ukachoka upesi zaidi ukiunga.

Walioendelea mbele katika kuacha ni Wamarekani. Kanuni za masomo za mwaka 2010, zilizopokewa na majimbo mengi, hazikuutaja mwandiko wa kuunga hata kidogo. Finland nayo mwaka 2016 iliacha kuulazimisha, watoto wakafundishwa kupiga taipu. Lakini huko Marekani wengi wamegeuka tena. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2023 kwamba ufundishwe tangu darasa la kwanza mpaka la sita. Na Nyaraka za Taifa za Marekani zawaomba watu wa hiari, wenye kujua mwandiko wa kuunga, wazisome hati za zamani na kuzinakili kwa herufi za chapa. Nchi yenye mashine nyingi namna ile yatafuta watu wenye macho ya kusoma!

Hutajwa pia uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Trondheim, Norway, uliotangazwa mwaka 2024. Wanafunzi 36 walipimwa ubongo wakiandika kwa kalamu na wakipiga taipu, ikaonekana ya kuwa kwa kalamu sehemu nyingi zaidi za ubongo zilifanya kazi pamoja. Habari hii ni njema, lakini tusiivute kupita kimo chake. Yalinganisha mkono na mashine. Haisemi kwamba kuunga kwashinda kutenga, na mwalimu aitumiaye hivyo aipa ushuhuda usio wake.

Sisi twategemea sababu nyingine, ile iliyotukuta kabatini. Shule ikiacha kufundisha mwandiko, kitu cha kwanza kupotea si kuandika. Kuandika mtu atapata njia nyingine. Hupotea kusoma, na hasara hiyo haionekani mpaka siku kitabu kinapohitajiwa. Kwetu huhitajiwa mara kwa mara. Watu huja kutaka cheti cha ubatizo, kwa kuwa hawana cheti cha kuzaliwa, au kuna shauri la urithi. Twakiri kwa haya ya kuwa mama mmoja mzee alirudishwa nyumbani, akaambiwa jina lake halimo. Lilikuwamo. Aliyetafuta hakuweza kulisoma, akaona aibu kusema.

Basi shauri letu ni hili. Kila mtoto afundishwe kuusoma mwandiko wa kuunga, na jambo hili halihitaji miaka. Wale vijana wawili tuliwaandikia alfabeti ya zamani, kubwa na ndogo, tukawaonyesha mitego yake: r ifananayo na n iliyokatika, z yenye mkia, i iliyokosa nukta. Kiswahili chetu kina mtego wake mwenyewe, maana kimejaa m, n, u na w, ambazo katika mwandiko wa haraka zote ni vijiti vilivyosimama. Neno mwanamume limesimama karatasini kama ua wa miti. Dawa ni kuvihesabu vijiti. Baada ya majuma mawili walikuwa wakisoma, na baada ya mwezi walitusahihisha.

Kwa kuandika, twaona yatosha mwandiko mwepesi wa kuunga, usio na madoido, uanze darasa la tatu au la nne, herufi za kutengana zikiisha kukaa imara. Atakayeandika insha ndefu katika mtihani wa kidato cha nne bado aiandika kwa mkono, na wepesi utamfaa. Asiyeweza asiadhibiwe. Zamani mtoto wa mkono wa kushoto alipigwa vidole kwa sababu aliuburura mkono juu ya wino mbichi, na baadhi yetu tuliotazama tulicheka. Tena hapana budi waalimu wenyewe waanze, kwa kuwa wengi wao nao hawakufundishwa. Mzee mmoja aliyekuwa karani, akialikwa darasani kila Ijumaa, aweza kuwafaa kuliko kitabu chochote.

Kazi ya vitabu vya parokia yaendelea. Viwili vimekwisha nakiliwa, na cha tatu kimefika katikati. Katika kile cha kwanza, ukurasa wa nne, mahali pa jina la mama wa mtoto, pana neno fupi lenye vijiti saba na nukta moja. Vijana wamelisoma hivi, wazee wamelisoma vile, na katika ukoo ule hakusalia mtu wa kuulizwa. Tumeacha nafasi wazi.